Jinsi Nilivyomfundisha Paw Kiingereza

Jumanne, Februari 4

Basi, nilikuwa nimefika pale kwenye sinki, kabla mume wangu Verlyn hajaniita nimtafutie glavu zake. Alikuwa kazivaa. Haya. Nipo kwenye sinki, ukumbi wa chini kanisani, naosha vikombe vya darasa la Kiingereza. Mwalimu wao kaikimbia baridi, kaenda Arizona kwa dada yake mpaka theluji iyeyuke. Kila mwaka anafanya hivyo, na kila mwaka anarudi na rangi ya karoti. Darasa halina mtu. Watu kumi na wanne, wote wa kiwanda cha bata mzinga, wamekaa wanatazama ubao mtupu.

Mara anaingia Mchungaji Colton. Huyu bado mgeni hapa Sorvik, ana miezi mitatu, katoka Texas, na anatembea kwenye barafu na buti za wachunga ng'ombe. Akaniuliza kama ningependa kulishika darasa mpaka majira ya kuchipua. Mimi! Kijiko kikaniponyoka.

Nikajibu kama mtu yeyote aliyelelewa hapa. Nikasema, ah, mimi tena, mchungaji? Mie shule niliiacha darasa la tisa, wapo wanaofaa zaidi. Hiyo ndiyo hapana ya kwanza. Ya kwanza ni salamu tu. Ya pili unasema usingependa kumsumbua mtu. Ya tatu unashusha pumzi, unasema basi, kama kweli hakuna mwingine. Hata kuolewa nilikubali hivyo. Verlyn aliuliza mara tatu, na sijamsikia tena akisema maneno mengi kiasi kile kwa siku moja.

Unajua yule mtu alifanya nini? Kanishika bega. "Nashukuru kwa ukweli wako, mama." Akaondoka!

Nilimsubiri pale sinkini dakika arobaini. Vikombe nikaviosha mara mbili. Hakurudi.

Jioni nasikia kampa Marlys Oppegaard. Na Marlys, simu ya kwanza, swali la kwanza, kasema ndiyo. Ndiyo! Bila hata kukohoa kidogo! Mtu aliyebatizwa hapa hapa kwetu! Alikuwa karani wa shule miaka kumi na miwili, basi anadhani Kiingereza kakizaa yeye.

Jumatano, Februari 5

Leo kantini. Mimi ndiye wa supu pale kiwandani, mwaka wa kumi na tisa huu. Paw kapita kwenye foleni, sinia kalibeba juu ya mikono, karibu na viwiko, kama mtu anayebeba kuni. Vidole havifungi. Paw ni Mkaren, kwao ni huko milima ya Burma, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mdogo, mcheshi. Miaka minane anakata nyama chumba cha baridi, kisu mkononi kutwa. Daktari kamwambia aachane na visu, la sivyo mikono itamwacha yeye.

Kazi isiyo na kisu ipo moja tu. Mkaguzi wa joto. Unatembea na kipimajoto, unaandika ripoti, umemaliza. Mtihani ni Ijumaa ya tarehe 14. Maswali ishirini, yote ya vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofanana, maana mkaguzi aliyepita aliandika ripoti ambazo hata yeye akizisoma hazielewi. Nafasi moja, mtihani mmoja. Akishindwa, anarudi kwenye kisu. Aliniambia haya anacheka, lakini macho yake hayakuwa yanacheka.

Hapo hapo nikapata wazo! Nitamfundisha mimi, nyumbani kwangu, kwa siri. Atafaulu. Mchungaji atauliza ni nani kamfundisha. Mimi nitatazama chini, mtu mwingine atanitaja. Marlys atarudi kushona mapazia yake, ambayo, nisiseme mengi, yale ya sebuleni yana upande mmoja mfupi.

Nikamweleza Verlyn. Akasema, "Hm." Kwa Verlyn hiyo ni hotuba.

Siri nimempa Lorraine wa kwenye kaunta peke yake, na nimemuapisha. Saa tisa dereva wa lori la barafu akanipongeza. Sijui mji huu una nini.

Alhamisi, Februari 6

Somo la kwanza la Marlys. Nipo jikoni na birika, kidirisha cha kupitishia vikombe kiko wazi, ubao nauona wote. Kavaa miwani ya mnyororo. Kaandika maneno mawili mawili kama maharusi. Eti kuna lend na kuna borrow. Lend ni la anayetoa, borrow ni la anayepokea. Akaongeza, kwa sauti ya kufika jikoni, kwamba humu mjini wapo watu wanaomwendea jirani na kumwambia "borrow me ngazi yako", wakitaka wakopeshwe wao, na watu hao wasiigwe.

Jamani! Bibi yangu alisema hivyo maisha yake yote, na hakuna jirani aliyewahi kumnyima ngazi. Nikatoa kichwa dirishani. Nikauliza kwa upole kama si yeye Marlys aliyenijia Krismasi akisema "borrow me sufuria yako ya keki", na kama hakusema hivyo, sufuria yangu imekwendaje kwake. Darasa likaangua kicheko. Marlys akawa mwekundu mpaka shingoni. "Asante kwa mchango wako, Ardis," akasema, kwa ile sauti ya mtu anayefunga mlango wa gari.

Kisha rise na raise. Rise ni kitu kupanda chenyewe, kama jua, kama unga wa mkate. Raise ni mtu kukipandisha, kama bendera. Paw akanyosha mkono. Akauliza kama tofauti yote basi ni nani kafanya. Marlys akafikiri. Akasema ndiyo, ni hiyo tu, nani kafanya. Paw akaandika, akapiga mstari chini mara mbili.

Mie sikuona cha kupigiwa mistari. Sisi hapa hatupendi kutaja watu. Ukisema joto limepanda, inatosha. La nani kalipandisha tunalinong'ona baadaye kwenye gari.

Jumamosi, Februari 8

Paw kaja saa nne asubuhi. Kavua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikampenda zaidi. Kaleta bakuli la mchuzi wa samaki waliochachushwa. Nikaonja. Moto! Harufu kama ghala la mashua! Nikasema kwa adabu, "Hiki chakula ni tofauti kweli." Kwetu, mtu akikwambia hivyo, unalificha bakuli na mnazungumzia hali ya hewa. Paw akafurahi. Akasema ataniletea lingine.

Somo. Kwanza nikamwambia ayasahau ya ubaoni. Kiingereza hakikai ubaoni, kinakaa jikoni. Marlys anafundisha kwamba kiumbe akijilaza ni lie, na lay ni kukilaza kitu, kama kitabu mezani. Mimi nina ushahidi. Tuffy, mbwa wetu, miaka kumi na miwili namwambia lay. Nikamwambia. Akalala, puu! Nikamtaka Paw ajaribu lile la Marlys. Akajaribu, kwa heshima zote. Tuffy akamtazama. Akamtazama tena. Akaenda kunywa maji. Kesi imekwisha!

Paw akaandika. Nikachungulia daftari. Ukurasa kaugawa kwa mstari katikati. Upande mmoja kaandika juu "Mtihani". Upande wa pili kaandika "Ardis". Jina langu! Na upande wangu umejaa mpaka chini. Machozi yakanilengalenga, nikasingizia kitunguu. Hakukuwa na kitunguu.

Halafu nikammiminia kahawa. Kikombe akakiinua kwa viganja viwili, vidole nje, kama mtoto mchanga. Nikauliza kama inauma. Akasema asubuhi tu. Kisha akasema asubuhi ni ndefu. Nikanyamaza karibu dakika nzima. Verlyn akaja kuchungulia kama nimezimia.

Jumapili, Februari 9

Nimeshamwelewa yule Mtexas. Hapana ya adabu haijui. Kwa hiyo leo nimekwenda na ndiyo, moto moto, mfukoni.

Baada ya ibada, kwenye kahawa, nikakaa mbele yake. Nikashusha pumzi mara nne. Nikasema Alhamisi zangu siku hizi zimekuwa ndefu mno. Akavuta kiti. Akasema kweli kuna jambo la darasa alitaka kuniomba. "Ndiyo!" Akasema hajamaliza. Nikasema ndiyo, mchungaji, kwa moyo wote, usihangaike kumaliza. Akafurahi, karibu anikumbatie. Akasema Marlys atashukuru sana, maana vishindo vya jikoni vinampoteza, na sasa kile kidirisha kitafungwa wakati wa somo.

Kimefungwa. Kwa komeo. Nimelifunga mwenyewe, kwa bisibisi, maana aliuliza kama naweza, na mimi bado nilikuwa kwenye ndiyo.

Marlys alinishikia skrubu. Alikuwa anaimba.

Alhamisi, Februari 13

Siku gani hii! Saa moja asubuhi simu. Nikadhani ni panya kaingia kwenye waya. Kumbe Marlys, sauti imemkauka kabisa. Nikasikia "Ardis," nikasikia "leo," nikasikia "darasa." Ananiomba nimfundishie! Na kesho ndiyo mtihani!

Nikajituliza. Marlys si Mtexas, huyu ni wa hapa, anajua zamu zinavyokwenda. Nikasema, ah, mimi, Marlys shoga yangu, na Kiingereza changu hiki? Nikasubiri aniombe mara ya pili. Nikasikia pumzi. Nikasikia kama mtu anajaribu kufungua mlango uliokwama. Kisha, "Haya." Simu ikakatika.

Sauti ilikuwa imebaki ya swali moja tu, na mimi nikaimaliza!

Nikampigia mara saba. Ya saba akapokea mumewe. Akasema daktari kamkataza kusema siku tatu, na kwamba nyumbani kwao kuna amani ya ajabu, kama sina la haraka anaomba nisiiharibu.

Nikaamua. Nitasimama bila kuombwa. Ni aibu, lakini ni dharura. Nikavaa sketi ya buluu. Nikanunua chaki yangu. Saa kumi nikasukuma mlango wa ukumbi kwa nyonga, birika mkononi, na nani kasimama ubaoni? Paw! Mume wa Marlys alikuwa kampelekea karatasi za somo kiwandani. Chaki kaikamata kwa ngumi nzima, herufi zinakwenda upande kama uzio wa zamani, na darasa lote linamjibu kwa pamoja.

"Karibu kiti, mama wa supu!" akaniita Eusebio, yule Mguatemala wa mashine ya kunyonyoa manyoya. Kiti! Mimi!

Nikakaa. Ungefanyaje?

Ikaja zamu yangu kuulizwa. Paw akasema: chumba cha baridi kilikuwa nyuzi thelathini za Farenhaiti asubuhi, mchana nyuzi arobaini, hakuna aliyegusa kitu. Joto lilipanda au lilipandisha? Nikasema inategemea. Akauliza inategemea nini. Nikasema hali ya hewa. Wakacheka! Paw kacheka mpaka kaegemea ubao. Eusebio kanipigapiga begani, eti nisijali mama, hata yeye alianza hivyo hivyo, nitazoea. Miaka hamsini na saba nakisema Kiingereza!

Lakini sikuondoka. Chaki ilimdondoka Paw mara tatu na mara zote nilikuwa karibu, nikaiokota. Mara ya nne nikabaki pale pale mbele, nikimshikia karatasi. Tukamaliza hivyo.

Nikitazama vizuri, leo nimesimama mbele ya darasa. Hilo hakuna atakayelipinga.

Ijumaa, Februari 14

Mtihani saa mbili. Kaingia na kalamu tatu, kazifungia kitambaa zisimteleze. Nikamwambia kwa mkono, kutoka mlango wa kantini, kwamba akumbuke upande wa Ardis. Akaninyoshea kidole kimoja. Nadhani alikuwa anakubali.

Supu imeungua. Wali umeungua.

Verlyn kauliza mezani imekuwaje. Kauliza! Nikasema majibu ni kesho. Akasema, "Hm," lakini ndefu.

Jumamosi, Februari 15

Kapata! Kumi na manane kati ya ishirini! Kazi ni yake, anaanza Jumatatu, koti jeupe na kipimajoto, na kisu wakampe mtu mwingine!

Kaja mwenyewe kuniambia, na bakuli lingine, kubwa kuliko lile. Kanishika mashavu kwa viganja vyake, vidole vimesimama pembeni, nikalia wazi wazi bila kumsingizia mtu. Verlyn kala mchuzi wote. Akasema, "Mtamu." Nikakaa chini.

Nikamuuliza Paw ni mawili gani yaliyompita. Akaona haya. Akasema ni yale ya kulala. Alisoma swali, akamkumbuka Tuffy.

Nimepiga hesabu. Kumi na manane ni yangu. Mawili ni ya Marlys, maana yeye ndiye aliyeleta mkanganyiko ambao mimi ilibidi nimwite mbwa kuuondoa. Asingeandika vile ubaoni, mbwa asingehusika.

Nimemwambia Lorraine asimwambie mtu kwamba kumbe ni mimi niliyemfundisha. Nimempigia tena baadaye, kuhakikisha kaelewa jinsi ya kutomwambia mtu.

Jumatano, Februari 19

Leo ndiyo leo! Naandikia hapa hapa kantini, nyuma ya sufuria.

Paw kaja saa sita, koti jeupe limemfika magotini. Sikujua kama mkaguzi anapita hadi kwangu. Yule wa zamani alikuwa akija, anakula, anaandika "sawa", anaondoka. Paw hakula. Kachovya kipimajoto kwenye supu yangu, kasubiri, kaandika, kanichania nakala. Nilikuwa namweleza Lorraine habari za talaka ya binamu yake mume wa Marlys, kwa hiyo sikuisoma papo hapo. Paw alisimama kidogo kama anataka kusema kitu. "Dada Ardis, soma," akasema. Akanigusa mkono, akaenda zake.

Nimeisoma. Nimeisoma mara tano! Ngoja niinakili, hii ni ya kuwekwa:

"Supu ya tambi, saa sita na robo. Nyuzi mia moja na kumi za Farenhaiti. Inatakiwa mia moja na arobaini. Joto halikupanda kwa sababu Ardis Kvamme hakulipandisha. Alikuwa anazungumza."

Hakuna kosa hata moja! Halikupanda pale, hakulipandisha hapa, kila neno kwenye kiti chake! Na nani kafanya, kamtaja, jina zima, herufi mbili za m kama zinavyotakiwa. Wiki mbili tu zilizopita mtoto wa watu alikuwa anapiga mistari chini ya maneno asiyoyajua. Nani anasema mimi si mwalimu?

Nimesimama juu ya kasha la maziwa nikaisomea foleni nzima. Wamepiga makofi. Eusebio kapiga mluzi. Watu walikuwa wanarudisha supu zao mezani kwa wingi, nadhani kwa sababu ya msisimko. Kisha nikaibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku ya jogoo, usawa wa macho, Marlys akija Ijumaa kwa ajili ya keki za hisani asiikose.

Dale, msimamizi wetu, kasimama mbele yake muda mrefu. Kaisoma yote. Kaweka kidole kwenye supu! Kaniuliza tena jina langu la pili linaandikwaje, kama vile hatujuani miaka kumi na tisa. Nikamwambia liko hapo, lisome, mwanafunzi wangu kaliandika sawasawa. Akaenda moja kwa moja ofisini. Kaguswa.

Nimekwisha kupanga. Hapa kiwandani wakaguzi watatu zaidi wanatakiwa kabla ya Pasaka. Nitafungua darasa langu, hapa hapa kantini, kila siku saa sita, foleni ikiwa ndefu. Tuffy nitamleta. Ubao utakaa pale juu ya jiko, supu itajitazama yenyewe, na somo la kwanza litakuwa

Kipaza sauti kinaniita. Ofisini, Ardis Kvamme, sasa hivi. Huyo Dale, hata saa moja haijapita! Naibandua ripoti niende nayo, wakitaka kuona kazi yangu. Aproni safi iko wapi? Naja, Dale, naja! Lorraine, hebu koroga hapo, na usimwambie mtu kwamba